Inaposhika na inapoachia: kwa mdogo wangu anayeanza kuwavalisha wanawake

Mdogo wangu, uwe umekaa nyuma ya cherehani au unawachagulia wateja nguo dukani, nakuandikia kwa sababu nazijua siku za mwanzo. Umekariri majina ya maumbo: namba nane, peasi, tufaha, mstatili, pembetatu iliyogeuzwa. Mteja anaingia, unamtazama kuanzia juu hadi chini ukitafuta yumo kundi gani, na kabla hajakaa umeshapata jibu. Nami nilianza hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama mmoja akitaka gauni la harusi ya mwanawe. Nikamwambia, nikidhani naonyesha utaalamu, "Mama, wewe ni tufaha, tutafute kitu cha kuficha tumbo." Hakukasirika. Aliivuta blauzi yake mbele kwa vidole viwili, mabega yakashuka, na tangu hapo hakujitazama tena kwenye kioo. Kila nilichompa alijibu, "Sawa tu mwanangu, chochote." Akaondoka na gauni jeusi, pana, lililomfunika kuanzia shingoni hadi miguuni, na nilijua halimpendezi. Tangu siku ile silitamki jina la umbo mbele ya mteja. Nalibakiza kichwani linisaidie kufikiri, na kinachotoka mdomoni mwangu kinahusu nguo: hii inabana hapa, hii inaachia pale. Kosa liwe la nguo, kamwe lisiwe la mwili wake.

Nilichojifunza miaka yote hii ni kwamba nguo huning'inia. Kila vazi lina mahali linaposhika mwili, yaani mabega, chini ya matiti, kiuno au nyonga, na mahali linapouachia mwili likashuka lenyewe. Likishika pale mwili ulipo mwembamba au imara, na kuachia kabla ya pale ulipojaa, litapendeza. Likishika palipojaa, litapanda, litajikunja na kumfanya mwenyewe alivutevute siku nzima. Majina yale ya matunda na namba ni njia ya mkato tu ya kukumbuka jambo hili.

Anza na tepu, si macho. Pima kifua pale kilipojaa zaidi, kiuno pale anapopinda akiinama upande, na nyonga pale makalio yalipojaa zaidi, ambapo kwa wengi ni sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Pima pia upana wa mabega, na urefu wa mgongo kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni. Kipimo hiki cha mwisho wanafunzi wengi hukiruka, na ndicho kinachosababisha magauni mengi kukaa vibaya. Wanawake wawili wanaweza kuwa na kifua, kiuno na nyonga sawasawa, mmoja akawa na kiwiliwili kirefu na mwenzake kifupi. Gauni lile lile kwa mmoja litakaa kiunoni, na kwa mwingine mshono wa kiuno utalala juu ya nyonga.

Na kabla ya kupima, uliza habari ya sidiria. Liulize kwa heshima, lakini usiliruke. Sidiria iliyolegea hushusha kifua, kiuno kikaonekana kimefupika na kila blauzi ikaning'inia vibaya. Kwa kawaida matiti yakishikwa vizuri, kilele chake hukaa karibu katikati ya bega na kiwiko. Nimeona wateja walioamini wanahitaji mtindo mpya kabisa wa nguo, kumbe walihitaji sidiria yenye mkanda unaobana mgongoni bila kupanda. Apimwe akiwa na ile atakayoivalia nguo hiyo.

Usishangae vipimo vikikataa kuingia kwenye jedwali la saizi. Marekani walijaribu kuweka utaratibu: mwaka 1939 na 1940 walipimwa wanawake karibu 15,000, matokeo yakachapishwa 1941, na mwaka 1958 serikali ikatoa viwango vya saizi. Mwaka 1983 viwango hivyo viliondolewa. Leo kila kampuni ina jedwali lake, na saizi 12 ya mmoja si saizi 12 ya mwingine. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliotangazwa 2005 baada ya kulinganisha miili ya wanawake zaidi ya 6,000, ulikuta karibu nusu wana umbo nyoofu la mstatili, na wenye umbo la namba nane ni kama 8 tu katika kila 100. Mteja anayekuambia kwa huzuni kwamba nguo za dukani hazimkai, mwambie ukweli huo. Nyingi hazikukatwa kwa ajili yake, na wala si yeye peke yake.

Sasa tuje kwa mwenye hipsi pana kuliko mabega, maana huyu utakutana naye sana. Chukua mwenye kifua sentimita 92, kiuno 76, nyonga 110. Suruali ikimtosha kiuno haipiti mapajani. Ikipita mapajani, kiunoni nyuma inabaki na uwazi unaoweza kupitisha ngumi. Wengi hukimbilia mkanda, na mkanda hukusanya kitambaa mgongoni kama mdomo wa gunia lililofungwa. Chagua saizi inayotosha nyonga, kisha punguza kiuno nyuma kwa dati mbili, yaani mikunjo inayoshonwa ndani na kuchongoka mwishoni, moja kila upande wa mshono wa katikati. Ni kazi ndogo, na mteja akiigusa suruali mgongoni akakuta imelala kimya juu ya ngozi, uso wake wote hubadilika. Kanuni hii ni ya nguo yoyote ya dukani: itoshe kwanza sehemu kubwa, kwingine kupunguzwe. Kupunguza kunawezekana. Kuongeza kunategemea akiba iliyoachwa ndani ya mshono, na siku hizi mara nyingi haifiki hata sentimita 2.

Huyu huyu, mpe kitu juu. Shingo pana inayokwenda bega hadi bega, mikono yenye kujaa kidogo mabegani, rangi inayong'aa au maua upande wa juu, na chini rangi tulivu. Sketi ishike kiunoni, ianze kufunguka pale nyonga zinapoanza, ishuke bila kugusa mapaja. Ndiyo maana kata ya herufi A, ambayo mbunifu wa mavazi Christian Dior aliitangaza Paris mwaka 1955, haijapitwa na wakati. Jihadhari na koti linaloishia pale pale nyonga zilipo pana zaidi, kwa sababu pindo ni mstari, na jicho husimama kwenye mstari. Liishie juu ya hapo au chini yake.

Mwenye tumbo anahitaji uangalifu zaidi, maana ndiye anayepewa nguo pana kama mashuka kila anakokwenda. Mara nyingi ana miguu mizuri, na sehemu nyembamba iko chini tu ya matiti, kwenye mbavu. Basi nguo ishike hapo, iachie kabla tumbo halijaanza. Gauni la kupishanisha mbele na kufungwa ubavuni humkaa vizuri kwa sababu fundo analiweka mwenyewe, na mstari wa mshazari unaoshuka toka begani hulivusha jicho juu ya tumbo. Mbunifu Diane von Furstenberg alilipa gauni hilo umaarufu mwaka 1974 kwa kitambaa cha jezi, kile laini kinachovutika. Kwa mteja huyu mimi hupendelea krepu au pamba yenye uzito, kwani jezi nyepesi huchora kila kitu. Mwili huu pia hubadilika: asubuhi si sawa na jioni, na baada ya hedhi kukoma mwili uliozoea kuweka mafuta mapajani mara nyingi huanza kuyaweka tumboni. Mwanamke wa miaka 55 anaweza kukuambia hajui tena kuvaa, naye anasema kweli, kwa sababu nguo zake zinashika mahali ambapo mwili umehama.

Kwa mteja huyo tazama pindo. Tumbo hulivuta gauni juu, upande wa mbele ukawa mfupi kuliko nyuma. Mwenye makalio yaliyojitokeza, huwa mfupi nyuma. Mwanafunzi hukimbilia mkasi akate chini pasawazike. Usikate. Urefu umeliwa juu, hivyo uongezwe juu, kwenye mstari wa kiuno, unapokata kitambaa.

Kifua kikubwa kilinipa somo la pili. Nilimshonea dada mmoja gauni lenye mshono chini ya matiti, nikapima kutoka begani kwa kipimo cha kitabu. Mshono ukapita juu ya matiti yenyewe, katikati. Hapakuwa na namna ya kuliokoa, nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Tangu hapo napima kila mtu: bega hadi kilele cha titi, na bega hadi chini ya titi. Dati ielekezwe kwenye kilele lakini iishie sentimita 2 au 3 kabla yake, la sivyo kitambaa kitachongoka. Blauzi ya vifungo, kifungo kimoja kikae pale pale kifua kilipojaa zaidi, kisha vingine vipangwe kuanzia hapo kwenda juu na chini, na ule uwazi unaowatesa hautatokea. Shingo ya V humpendeza kuliko shingo ya kufunga. Na mkono wa nguo usiishie usawa wa matiti, kwa sababu utachora mstari mmoja toka mkono hadi mkono. Ushushe ufike chini kidogo ya kiwiko.

Mwenye mabega mapana na nyonga nyembamba, nguo yake ianze kwa mabega, kwa sababu bega ndilo gumu kurekebisha kuliko yote. Mshono wa bega uishie kwenye ncha ya mfupa. Shingo ya V, mikono isiyojaa, na ujazo uende chini: suruali pana ya bwanga, sketi ya marinda, mifuko ya pembeni.

Wa namba nane na wa mstatili sina mengi. Wa kwanza anataka nguo inayokifuata kiuno chake, maana nguo nyoofu huning'inia kutoka kifuani na kukizika. Wa pili unaweza kumtengenezea kiuno kwa mkanda, kwa peplamu, yaani kipande kifupi kinachofunguka kuanzia kiunoni, au kwa kitambaa kilichokatwa mshazari, ule ukataji ambao mbunifu Madeleine Vionnet aliuendeleza Ufaransa miaka ya 1920. Au muache alivyo, maana nguo nyoofu humkaa huyu kuliko yeyote, na wengi wao hawataki kiuno cha kubuni. Muulize.

Utaambiwa pia kwamba mistari ya mlalo hunenepesha. Mwaka 1867 mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba mraba uliojazwa mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba sawa wenye mistari ya wima. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walijaribu jambo hilo kwa picha za wanawake, na mistari ya mlalo haikuwaongezea unene. Kwa hiyo usimnyime mteja blauzi ya mistari anayoipenda. Tazama tu kama mistari inapindapinda kifuani, hiyo ni dalili kwamba inabana. Mng'ao ndio wa kuogopa zaidi: satini hurudisha mwanga, kila palipoinuka panang'aa na kuonekana pameinuka zaidi. Kitambaa kisichong'aa kinasamehe.

Mteja akishavaa, soma mikunjo. Mkunjo uliokaza kama kamba iliyovutwa hutoka mahali panapobana, basi ufuate kwa kidole hadi unapoanzia. Ikielekea kilele cha titi kutoka ubavuni, kifua kinataka nafasi. Ikilala mlalo mgongoni chini ya kiuno, nyonga zinabana na gauni limepanda kutafuta pembamba. Mkunjo uliolegea ni kitambaa kilichozidi, na huo ushike kwa pini. Gauni la kitambaa kisichovutika liwe na nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kifuani kuzidi mwili. Pungufu ya hapo, hatapumua vizuri akila.

Urefu wa sketi upimie miguuni mwake, si kwenye picha. Kunja pindo, lipandishe na kulishusha polepole mbele ya kioo, akiwa amevaa viatu atakavyovaa. Utaona mguu unarefuka pindo linapofika mahali pembamba, chini tu ya goti au juu ya kifundo, na unafupika linapokata katikati ya shavu la mguu. Tofauti ni sentimita 3 au 4 tu. Muache aione mwenyewe, mara nyingi atasema "hapo hapo" kabla yako.

Kisha mletee kiti. Akae, ainue mikono kama anayefikia kabati la juu, ainame kama anayefunga kiatu. Nyamaza wakati anafanya hivyo, na angalia mikono yake. Ikirudi kuvuta nguo kiunoni au kifuani, chukua chaki, weka alama pale vidole vilipogusa.