CD-RW inafunguka nyumbani, kwingine inaonekana tupu: msiiformati kwanza

Yaya, umeeleza kwamba TFC (kazi ya mwisho ya masomo) ya mdogo wako iko kwenye CD-RW, yaani CD inayoweza kufutwa na kuandikwa tena, kwamba kwenye kompyuta yenu kule Katuba, hapa Lubumbashi, faili zote zinaonekana, lakini pale sekretaria (duka la kuchapa) karibu na chuo mashine inadai diski haina kitu na inauliza kama iiformati, yaani iifute na kuiandaa upya. Kabla ya mengine yote nakuomba: asiwepo mtu wa kukubali ombi hilo. Mashine ikisema diski ni tupu, mara nyingi maana yake ni kwamba imeshindwa kuelewa namna ilivyoandikwa. Kazi yenyewe inaweza kuwa bado ipo. Ukiiformati, hata ile njia ya haraka, unaweza kufuta orodha inayoonyesha faili ziko wapi, na baada ya hapo kupata kilichobaki huwa vigumu sana.

Mimi nachapa na kutoa TFC za wanafunzi hapa Lubumbashi tangu enzi za Windows 98, na miezi ya kuwasilisha kazi diski za namna hii huja kwa wingi. Zinazokuwa zimekufa kweli ni chache.

Anza na kompyuta ya nyumbani. Ni Windows XP? Kama ndiyo, fungua diski na uangalie alama za faili kwa makini. Zikiwa zimefifia na zina mshale mdogo unaoelekea chini, basi TFC haijawahi kuingia kwenye diski. XP hufanya hivi: ukiburuta faili kwenye CD, inaziweka kwanza kwenye folda ya kusubiri ndani ya diski kuu ya kompyuta, mpaka wewe mwenyewe utoe amri ya kuzichoma, yaani kuziandika kwenye CD kwa leza. Mtu anaziona, anafurahi, anatoa CD, anapanda basi hadi mjini, na kule inakuwa tupu kwa sababu ni tupu kweli. Jambo hili limewaumiza wanafunzi wengi sana na sioni haki kuwalaumu, maana dirisha linawaonyesha faili kana kwamba ziko kwenye CD. Dawa ni kurudi kwenye mashine ileile, kutoa amri ya kuchoma, na kusubiri mpaka imalize.

Kama alama hazina mshale, tatizo liko kwenye namna ya kuandika. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuchoma mara moja kwa mfumo wa ISO 9660, pamoja na Joliet inayoruhusu majina marefu, kisha kufunga sesheni, yaani kipindi hicho cha kuandika. Hiyo karibu kila kompyuta inaielewa. Ya pili ni ile inayokuwezesha kuongeza na kufuta faili kama kwenye flashi, na inatumia mfumo unaoitwa UDF. Programu za InCD na DirectCD ndizo zilizoizoesha watu, baadaye Windows Vista ikaiweka ndani yake. Ukiona CD ya MB 700 imebaki na nafasi ya kama MB 570 tu ilhali hujaweka kitu, ujue imeformatiwa hivyo: nafasi iliyopotea inatumika kutenganisha vifurushi vya data.

Shida ni kwamba UDF ina matoleo. Windows 98 inasoma 1.02 peke yake. Windows 2000 inafika 1.50, XP inafika 2.01, na Vista ndiyo iliyoanza kuelewa 2.50. Kwa hiyo diski iliyoformatiwa kwa 2.50 kwenye mashine mpya, ukiipeleka kwa mwenye XP, atakuambia haina kitu, na yeye hadanganyi, ndivyo anavyoona. Mashine za sekretaria zetu nyingi ni za mitumba, kila moja na Windows yake.

Tena kuna draivu yenyewe. CD ya kiwandani hurudisha karibu asilimia 70 ya mwanga wa leza, wakati CD-RW hurudisha kati ya asilimia 15 na 25. Draivu za kabla ya 1997 hivi hazikutengenezwa kwa mwanga hafifu namna hiyo, na hata draivu ya baadaye ikishajaa vumbi la kiangazi inaweza kusoma CD za muziki vizuri na kushindwa na RW. Jaribuni draivu nyingine kabla ya kuilaumu diski.

Na umeme. Ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya faili inaweza kubaki nusu. Ile mashine iliyokuwa inaandika pengine bado itaisoma, nyingine zitakataa.

Sasa, kuiokoa. Rudini kwenye kompyuta iliyoandika, ikiwezekana ikiwa bado na programu ileile, mnakili TFC kwenye diski kuu, halafu kwenye flashi mbili, kila moja kwa mtu wake. Kama kompyuta hiyo haipo tena, tafuteni mwenye Linux au Windows ya karibuni. Ikishindikana, programu ya IsoBuster huweza kusoma sesheni na faili za UDF ambazo Windows haioni. Fanyeni hivyo bila kuandika chochote kipya kwenye diski hiyo.

Mkishaipata, ndipo mfikirie kuchoma upya. Kwa kazi inayopelekwa kwa mwalimu mimi situmii RW kabisa, natumia CD-R ya kawaida, ile isiyofutika. Mkilazimika kutumia RW, ifuteni yote, si kwa njia ya haraka, kisha mchome kwa kasi ya chini, 4x inatosha. Kwenye Windows 7, ukiweka diski tupu inakuuliza unataka kuitumia kama flashi ya USB au kwa kicheza CD/DVD. Chagueni hiyo ya pili. Kwenye Nero, ile programu ya kuchoma CD, wekeni alama ya kufunga diski. Majina ya faili yawe mafupi, bila alama za lafudhi za Kifaransa, kwa sababu mashine za zamani huzivuruga. Halafu diski ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine kabisa, na TFC ifunguliwe mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu kuona jina la faili hakutoshi.

Yaya, niambie mambo matatu: ya nyumbani ni Windows gani, alama zina mshale au hazina, na mkibonyeza sifa za diski mnaona imeandikwa UDF au CDFS (ndivyo Windows inavyoita ile ISO 9660). Nikishajua hayo naweza kukuambia mrudi nyumbani mkachome au mniletee diski hapa komuni ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, karibu na soko, niijaribu kwenye draivu zangu. Mdogo wako asianze kuchapa upya kwanza.