Wastani wa 3.4 na LSAT 165: nafasi yako ikoje?

Ndugu, umeuliza kama wastani wa alama za chuo (GPA) wa 3.4 na alama 165 za LSAT, mtihani wa kuomba shule za sheria, vinatosha kukuingiza katika shule ya sheria nchini Marekani. Kwanza hakikisha kwamba hiyo 3.4 ndiyo shule zitakayoiona, kwa sababu LSAC, taasisi inayosimamia LSAT na maombi ya shule za sheria, hukokotoa upya wastani wa mwombaji aliyesoma Marekani au Kanada kwa kujumlisha alama za vyuo vyote alivyosoma kabla ya kupata shahada ya kwanza, hata somo moja la likizo ulilokwisha kulisahau. Kisha tafuta taarifa ya 509, ambayo kila shule iliyoidhinishwa na ABA (Chama cha Wanasheria wa Marekani) hulazimika kuitangaza kila mwaka, uangalie alama za waliojiunga: robo ya chini, katikati na robo ya juu. Ukiwa juu ya alama ya katikati kwa LSAT lakini chini yake kwa wastani, nafasi ipo ila haitabiriki, nami nisingekushauri utegemee shule za namna hiyo pekee. Wastani wa shahada iliyokwisha kutolewa haubadiliki. LSAT hurudiwa, na shule nyingi huzingatia alama ya juu zaidi. Mazoezi yako yakifika 168 mara kwa mara, rudia mtihani, hata ikikulazimu kuomba mwaka unaofuata.