Maswali yenu kuhusu kome wa maji baridi: kwanini mto huu wamejaa na ule hakuna hata mmoja

Haya jamani, maswali ya kome wa mitoni na ziwani, hawa viumbe wenye magamba mawili, yamekuwa mengi, nimechukua haya matano maana mengine yanafanana.

Wako aina ngapi, na wapi ndo wengi zaidi?

Ukihesabu hawa wa oda (yaani kundi kubwa la kisayansi) ya Unionida, ndo kome wa mtoni wenyewe, ni spishi zaidi ya 900, wako kila bara isipokuwa Antaktika. Ila mgawanyo wao hauko sawa hata kidogo. Amerika Kaskazini ina kama 300 na jimbo moja tu la Alabama, kusini mwa Marekani, lina kama 180, wakati Afrika nzima pamoja na mito yake yote haifiki 100. Wengi wanashangaa wakisikia hivyo, wamezoea kuona nchi za joto ndo zinaongoza kwa viumbe.

Sasa Alabama kuna nini?

Kwanza barafu. Zile barafu kubwa za zamani zilifunika sehemu za kaskazini zikafuta mito, kule kusini hazikufika, kwa hiyo mito imeendelea kutiririka muda mrefu sana bila kukatishwa. Halafu kila mto uko kivyake, umetengwa na mwenzake na nchi kavu, na kome hapandi mlima, basi kila bonde likazaa wa kwake. Tatu, kule samaki ni wa aina nyingi sana, na hili la samaki kwangu ndo kubwa kuliko yote, soma swali linalofuata.

Kome hana mapezi, anatambaa polepole kwa mguu mmoja, alifikaje huko juu ya mto?

Amebebwa! Watoto wa kome wengi, wanaitwa glokidia, ni wadogo hata nusu milimita hawafiki, na lazima wang'ang'anie kwenye matamvua au mapezi ya samaki kwa siku au wiki kadhaa, wakishabadilika wanadondoka chini mchangani na maisha yanaanza hapo walipodondokea. Na sio samaki yeyote, kila kome ana samaki anaowakubali, wengine mmoja au wawili tu. Mwangalie jike wa jenasi ya Lampsilis: kajizika mchangani, ile nyama ya pembeni ya gamba kaitoa nje na ina umbo la kisamaki kabisa, ina doa kama jicho, ina mkia, anaitikisa kama kisamaki kinaogelea. Samaki mkubwa anakuja mbio kuuma, anachopata ni wingu la glokidia mdomoni na wanaenda moja kwa moja kwenye matamvua. Mimi nimeiangalia mara nyingi kwenye video na bado kila mara nasimamisha kazi. Ndo maana nasema ramani ya kome ni ramani ya samaki, samaki akiishia kwenye maporomoko na kome naye anaishia hapo hapo.

Afrika hatuna wa kwetu peke yetu?

Tunao sana tu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, magamba yaliyookotwa huko yakaandikwa kisayansi 1859, na mpaka leo kuna Pleiodon spekii na Grandidieria burtoni, wote hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hilo. Alafu kuna Etheria elliptica, huyu anajigandisha kwenye mwamba kama chaza wa baharini, yupo Nile, yupo Kongo, yupo mpaka mito ya Afrika Magharibi.

Mto wetu una kome wengi wakubwa, ina maana uko salama?

Sio lazima, na hapa naomba tuelewane. Kome wa lulu wa Ulaya, Margaritifera margaritifera, anaishi zaidi ya miaka 100, watoto wake wanategemea samoni na trauti. Sasa samaki wakizuiwa na bwawa, au tope likifunika changarawe watoto wakakosa hewa, wazee wanabaki pale pale miaka na miaka na mto unaonekana umejaa kumbe hakuna mtoto hata mmoja. Marekani mwaka 2023 walitangaza spishi 8 za kome zimetoweka kabisa kwa mpigo, na wengi walikuwa hawajaonekana kwa miongo mingi.

Kwa hiyo usihesabu wakubwa tu, tafuta wadogo, pekua mchanga taratibu kwa vidole maana miaka ya mwanzo wanakaa wamezama kabisa. Ukimtoa aliye hai angalia alivyokuwa amekaa, umrudishe palepale na ule upande uliokuwa chini urudi chini.