Shangazi, nataka digrii lakini nashinda dukani

*Shangazi, nina miaka 36, nahudumu kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, Jumatatu hadi Jumamosi. Nina diploma ya biashara. Binamu yangu wa Tororo, Uganda, anataka tusomee digrii pamoja. Tumepata chuo cha ng'ambo cha mtandaoni, karo ya chini sana, ila wanataka tulipe wiki hii. Mume wangu asema nimechelewa. Nifanyeje? – Mama Wawili, Nyamasaria*

Mwanangu, wiki hii usilipe hata shilingi. Kwanza hakikisha chuo hicho kinatambuliwa kwao, na kwamba digrii yake itatambuliwa Kenya. Kwa vyuo vya hapa, angalia orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tafuta jina la chuo, kisha la kozi yenyewe, kwani chuo halali chaweza kufundisha kozi ambayo haijaidhinishwa.

Halafu karo. Mimi nilisoma nikiwa kazini, nikavutwa na karo nafuu. Hakuna aliyeniambia mitihani yote ni Nairobi. Kila mwisho wa muhula nilipanda basi la usiku hapa Kisumu, nikafika alfajiri miguu imevimba, nikanawa uso kwenye choo cha stendi na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani. Nauli na malazi vilinimaliza. Kwa hiyo uliza mtihani unafanyiwa wapi, na kama vipindi hurekodiwa, maana cha saa nane mchana utakikosa ukiwa kaunta. Uliza pia diploma yako itakupunguzia masomo mangapi. Jibu hilo lije kwa maandishi, kwa sababu huenda likakuokolea mwaka mzima wa karo.

Ningeanza na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake 2023 na kinachofundisha mtandaoni, pamoja na Maseno, jirani zetu, ambao nao wana masomo ya mtandaoni. Binamu yako, kama ana principal pasi mbili (yaani amefaulu kikamilifu masomo mawili) za UACE, mtihani wa kidato cha sita wa Uganda, aulize vyeti vyake vitalinganishwaje na vya Kenya, na karo ya mwanafunzi wa Uganda ni ngapi. Akiamua kuja kukaa huku, atahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji.

Hujachelewa, mwanangu. Kinachonitia wasiwasi ni usiku wako. Ukishafunga duka, ukapanda matatu, ukasonga ugali na kulaza watoto, ni saa nne. Basi kabla ya kujisajili, kaa mezani na kitabu chochote saa nne hadi tano na nusu, usiku nne kwa wiki, kwa wiki mbili. Mwombe baba watoto apike usiku huo. Akikubali kushika mwiko, tuma maombi.