Maswali na majibu: beni, taarab na mambo ya kabla ya redio

Siti binti Saad ndiye aliyeanzisha taarab?

Hapana. Mwimbaji huyo alirekodi Bombay mwaka 1928, wakati klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ya Unguja ipo tangu 1905. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Naomba tusilirudie.

Beni, ile ngoma ya gwaride na bendi, si kuiga wazungu tu?

Mtindo huu wa kudharau wazee umenichosha. Gwaride, sare, ngoma kubwa na tarumbeta vilitoka majeshini na shuleni. Shule ya serikali ya Wajerumani kule Tanga ilikuwa na bendi yake. Lakini mashindano yenyewe ni ya pwani. Kule Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa ikishindana kabla beni haijaja. Watu waliokuwa vibarua na wachukuzi mchana walichaguana jioni kuwa kingi (mfalme) na jenerali, wakajitungia nyimbo za kumjibu mpinzani wa mtaa wa pili. Vyama vya beni vilivyoshindana vilikuwa Marini na Arinoti: makarani na wasomi walielekea zaidi Marini, vibarua Arinoti. Kisha wanachama walichangiana: mmoja akiugua anaangaliwa, akifa anazikwa na chama chake. Vita vya Kwanza vilipokwisha, askari na wapagazi waliipeleka beni bara hadi Nyasa (Malawi ya leo), na maofisa wa Kiingereza wakaanza kuichunguza wakihofia njama. Anayesema ni mwigo mtupu hajasikiliza maneno ya nyimbo.

Bila redio watu walijuaje kuna ngoma?

Walisikia. Beni hutembea mtaani, na ngoma kubwa husikika mbali.

Redio ndiyo iliyoua beni?

Hapana. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza 1951. Kabla ya hapo vijana wa mjini walishavutwa na bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944. Kwa maoni yangu redio ilibadilisha jambo jingine: wimbo uliotungwa kumchoma mtu fulani wa mtaa fulani haumwambii kitu msikilizaji wa mkoa wa mbali, basi mafumbo ya mtaani yakakosa nafasi. Na ninyi mnaolipia spika za kupasua masikio kwenye harusi, Unguja bado mnaweza kupata beni ya kumsindikiza bwana harusi. Iteni hao, waleeni.

Nimerithi tarumbeta la babu, pistoni zimekwama. Niliuze chuma chakavu?

Usithubutu. Na usilipige nyundo. Mpelekee fundi wa ala za bendi. Usilisugue mpaka jina lililochongwa likafutika. Kabla ya yote nenda kwa wenzake waliobaki, uwaulize alikuwa chama gani, alikuwa na cheo gani, na nyimbo zipi walimpigia nani. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, uandike na majibu ya upande wa pili. Picha za sare zikipatikana, andika nyuma yake kwa penseli majina ya wote waliosimama humo, wapiga ngoma pia.