Shotigani ya kutungulia visahani: anza na kitako

Kaka, umeuliza mambo matatu: kwa pauni 1,200 uchukue mpya ya Kituruki au Beretta ya Kiitaliano iliyotumika, mitutu iwe inchi 28 au 30, na kama wifi anaweza kutumia hiyohiyo. Nimesoma majibu ya juu, watu wameshaanza kutupiana majina ya kampuni. Mimi huu ni mwaka wa tisa napiga visahani, vile vinavyorushwa hewani, huku Uingereza, na bunduki yangu ya kwanza ilinitoa machozi, kwa hiyo nianzie hapo.

Niliinunua kwa macho. Nilikuwa sijui kitu. Shotigani niliyoizoea toka nyumbani ni ile ya mlinzi mlangoni mwa benki. Hii ilikuwa ya mitutu ya juu na chini, bodi (chuma cha katikati kinachoshika mitutu) ya rangi ya fedha imechongwa ndege, mbao inang'aa kama sinia la sikukuu. Muuzaji akaniambia ni saizi ya kawaida. Kawaida ya nani? Bunduki nyingi za dukani, kutoka triga hadi mwisho wa kitako ni kama inchi 14 na nusu au 14 na robo tatu, kipimo cha mwanamume mrefu kiasi. Mimi ni futi 5 na inchi 3, na mashavu ya kwetu Tanga nimejaaliwa. Kila nikiinua, kitako kinanasa kwapani, na nikilaza shavu jicho linabaki kushoto kwa reli, ule ukanda wa chuma ulio juu ya mtutu. Miezi minne nikawa napata 30 kwa 100, shavu limevimba kama nimeng'atwa na nyuki, na kila mtu ana ushauri: unasimama vibaya, unachelewa, unafumba macho.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyeniokoa. Akanipeleka kwenye bamba la chuma lililopakwa chokaa, akanisimamisha yadi 16, akasema usilenge, inua tu upige. Nikapiga tano. Marisau, yaani punje za ndani ya risasi, yote yalikusanyika inchi 4 kushoto kwa alama, risasi baada ya risasi, palepale. Hesabu yake sijaisahau: kwa yadi 16, kila inchi moja kwenye bamba ni sehemu moja ya 16 ya inchi kwenye kitako. Inchi 4, basi robo inchi. Jicho lako ndilo kionyeshi cha nyuma cha kulengea cha shotigani. Likikaa kushoto, marisau yanaenda kushoto, na hakuna mwalimu atakayekusaidia kwa hilo. Akakata kitako kwa nyuma, akaipasha mbao kwa mafuta ya moto, akaipinda robo inchi kwenda kulia. Jumapili iliyofuata nilipata 52. Bunduki ileile, mkono uleule.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujauliza bei, tazama sehemu ya ukubwa wa kisahani ukutani, fumba macho, inua bunduki, laza shavu, fumbua. Unatakiwa uone reli imelala na shanga ya mbele katikati yake. Ukiona ubavu wa reli, au huoni reli kabisa umeona bodi tu, rudisha. Fanya mara kumi, maana mara ya kwanza mtu hujilazimisha.

Kwa bajeti yako mimi ningechukua iliyotumika. Si Beretta tu, tazama na Miroku. Miroku zinatengenezwa Japani kwa mfumo wa John Browning, mvumbuzi wa bunduki wa Kimarekani, na kiwanda hichohicho ndicho kinachounda bunduki ya Browning B525. Tofauti utaisikia mikononi: Beretta ina bawaba mbili ndogo pembeni, kwa hiyo bodi ni nyembamba na mkono wa mbele unakaa karibu na mitutu, Browning na Miroku pini ya bawaba inapita chini ya mitutu, bodi inakuwa nene zaidi. Zote zitakuzika. Mpya za Kituruki sizidharau, ila siku ya kuuza utalia.

Kuikagua ni hivi. Toa mbao ya mbele, funga bunduki, ishike shingo ya kitako uitikise. Ikigonga ndani, imelegea. Kishikio cha kufungulia kilicho juu, kwenye bunduki isiyochoka husimama kulia kidogo mwa mstari wa kati. Kikiwa kimeshavuka kwenda kushoto, imeliwa sana. Kisha ning'iniza mitutu yenyewe kwa kidole uigonge kwa kucha. Inatakiwa ilie kama kengele. Ikikwaruza kama redio mbovu, reli imeachia solda mahali.

Tena tazama kama mitutu ina muhuri wa ua la yungiyungi, maana yake imepimwa kwa marisau ya chuma. Serikali ya huku ilitangaza mwaka 2025 kwamba risasi za madini ya risasi zitaondolewa. (Kiswahili chetu hapo kinachekesha: tutapiga risasi zisizo na risasi.) Si kwamba bila muhuri bunduki haifai, lakini uamue ukijua.

Urefu wa mitutu, chukua inchi 30, geji 12 (ndio upana wa tundu la mtutu). Choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, weka robo na nusu, usizibadilishe kila kituo kama wale jamaa wenye mikoba ya spana. Na usimalize pauni zote 1,200 kwenye bunduki! Bakiza 250 za fundi na masomo mawili. Ukishanunua, mtaarifu polisi ndani ya siku 7 kama cheti chako cha shotigani kinavyodai.

Sasa wifi. Kutumia yako kwa siku moja kwenye uwanja wenye kibali cha polisi cha kuwapokea wasio na cheti, anaweza. Kujifunzia, hapana, atapita nilikopita. Bunduki yangu ya kwanza bado ninayo, na ilishakatwa hadi inchi 13 na nusu. Yeye ana urefu gani, na anatumia mkono upi?