Watoto Watatu, Karo kwa Mkupuo

SWALI: Mhariri, assalam aleikum. Pacha wangu wa kike na kaka yao, aliyekuwa amekaa nyumbani mwaka mzima, wameitwa chuo kikuu katika mwezi uleule. Baba yao ni nahodha wa jahazi, na msimu huu wa kusi mapato ni haba. Tuanzie wapi? Mama wa watatu, Langoni, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Anzia kwenye karatasi kabla ya pesa. Mfumo wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya ulioanza mwaka 2023 hupima uwezo wa kila nyumba, kwa hiyo kila mtoto ajaze ombi lake mwenyewe na aeleze waziwazi kwamba ndugu zake wawili nao wanaanza masomo. Mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu) kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ikiwa riba inakukwaza kidini, elekeza nguvu kwenye basari za kaunti na za hazina ya eneo bunge, ambazo hazirudishwi, ijapokuwa ni nadra kutosha karo yote.

Tayarisha mafungu matatu ya nakala za vyeti na vitambulisho, kila fungu katika mfuko wake wa nailoni, maana boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, wakati wa kusi hurusha maji mpaka mapajani (nimewahi kufikisha barua iliyogeuka uji).

Pacha wakipangiwa chuo kimoja, wakodi chumba kimoja. Magodoro na ndoo wanunue hukohuko. Kuvibeba kutoka Lamu ni gharama bure.